Meza ya Matembezi kwenye Gati la Mutrah

Vijana wangu wa gatini,

Mlipokuja kunitembelea mwezi uliopita mliniuliza swali moja: mgeni wa meli mwenye siku moja tu Maskati, matembezi yapi ni mazuri kuliko yote? Nikakujibuni haraka haraka, Nizwa, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na wajukuu wanagombana. Mlipoondoka nikajiona nimesema uongo. Nizwa ni mji mzuri, lakini nimewahi kumpeleka Nizwa mwanamke mmoja aliyelala njia nzima kwenda na njia nzima kurudi, na pale katikati alichotaka ni choo tu. Kwake yeye Nizwa haikuwa nzuri. Angeliachwa akae ufukweni kwenye kivuli na kitabu chake, angelitushukuru.

Basi nakuandikieni jawabu jingine. Ni refu, mnivumilie. Mtu aliyekaa nyuma ya meza moja miaka kumi na minane akifunguliwa mdomo haufungi kwa wepesi.

Mimi nimezaliwa Bujumbura. Baba alikuwa na duka la vitambaa huko, mama katokea Unguja, na Kiswahili cha nyumbani kilikuwa cha mama. Skuli nilisomeshwa na masista wa Kibelgiji, ndio nikajua Kifaransa. Maskati nimekuja nimeshaolewa, nna watoto wawili, na Kifaransa changu nimekiweka ndani ya sanduku kama nguo ya harusi, nikijua sitoivaa tena. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni moja ndogo ya kupokea wageni ikawa inatafuta mtu wa kuzungumza na abiria wa meli za Kifaransa. Marehemu mume wangu ndiye aliyesikia. Akarudi nyumbani akaniambia, "Zuwena, kuna watu wanautafuta mdomo wako."

Siku ya kwanza nilishika kipaza sauti gatini nikawatangazia wageni kuwa wenye tiketi kuanzia sabini mpaka tisini wapande basi la kijani. Sasa Wabelgiji walionifundisha, sabini huita septante na tisini huita nonante. Wafaransa wenyewe wanazunguka: sabini kwao ni sitini na kumi, na tisini ni ishirini mara nne na kumi. Watu wakanitazama. Hakuna aliyekwenda kwenye basi la kijani. Kisha bibi mmoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mkono wa mwenziwe asianguke. Nikaona haya, nikataka kuirudisha ile kazi siku ile ile. Yule bibi akanijia akaniambia kuwa nyanya yake kijijini alikuwa akihesabu hivyo hivyo, na tangu amzike hajazisikia tena hesabu zile. Aliniganda mkono siku nzima. Kila tukipita duka ananionyesha kitu kilichoandikwa bei, ananiambia, nisomee hiyo.

Bandari ya Mutrah miaka ile ilikuwa kimya. Ikija meli ya wageni mara mbili kwa mwezi tunasema msimu umechangamka. Gati lilikuwa la kupakulia saruji na mbao na magari, na mara nyingi meli yetu nyeupe ilifungwa ubavuni mwa meli ya kondoo kutoka Australia. Mgeni anashuka na manukato yake, anapokewa na kondoo elfu wanalia na harufu yao. Tukiwaambia, karibuni Oman. Kwa sababu ya ukimya huo tulikuwa na muda wa kumtazama kila mgeni usoni, na hiyo nasema ndiyo bahati yangu ya kwanza. Nyinyi leo meli moja inakutapikieni watu mia na mia, na nakuoneeni huruma.

Aliyenifundisha kazi hakujua hata neno moja la Kifaransa. Aliitwa Mzee Suleiman, mimi nikimwita Ami Suleiman, na ndiye aliyekuwa dereva mkuu wa kampuni. Kazaliwa Wete, kaja Oman miaka ya sabini, akaendesha malori ya kokoto wakati barabara zinachongwa majabalini. Sitaki mdhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, redio yake lazima iwe juu, na akishakula mchana alikuwa lazima alale robo saa juu ya usukani hata kama basi limejaa Wafaransa wanamsubiri.

Siku moja alisimama nyuma ya meza yangu akinisikiliza. Nilikuwa na karatasi ya matembezi sita, na kila mgeni akija namsomea yote sita, na historia ya kila ngome juu yake. Foleni imefika mpaka kwenye ngazi ya meli. Akaniinamia.

"Zuwena, unawasomea khutba."

"Sasa niwaambieje, Ami? Lazima wajue ndipo wachague."

"Usiwaambie. Waulize. Waulize jana walikuwa wapi na wamefanya nini."

Nikamuuliza mgeni aliyefuata. Akasema jana walikuwa Salala, wametembezwa magofu mawili juani, na usiku mkewe amekandwa miguu. Huyo nilikuwa karibu kumpeleka kwenye ngome ya ngazi mia. Nikampa mashua ndogo ya kuzunguka majabali ya pwani, mwendo wa kukaa. Alirudi mchana kuja kunishukuru, wakati watu huwa wanarudi kulalamika tu.

Tangu siku hiyo karatasi nikaiweka chini ya meza. Mgeni akija namtazama viatu kabla ya uso. Mwanamke aliyevaa viatu vya ngozi mpya msimpeleke wadini, kwenye yale mabonde ya mito mikavu, atateleza kwenye mawe na siku yake imekwisha. Mtazameni anavyoteremka ngazi: anayeshika reli kwa mikono miwili atakwambia yeye ni mzima kabisa, na wewe usimbishie, mpe tu gari lenye daraja fupi la kupandia. Wakija mke na mume, muulizeni asiyezungumza. Mwenye kuzungumza ameshachagua tangu kwao, lakini mwenye kunyamaza ndiye atakayeharibu safari ya wote wawili. Na msione haya kumwambia mgeni, wewe leo kaa, nenda sokoni kwa miguu, kunywa maji ya ndimu, tazama watu. Meneja hatopenda, kwa kuwa mtu huyo hakununua kitu. Mgeni atakukumbuka.

Nimekosea mara nyingi, hayo pia mtataka kuyasikia. Mara moja niliwapeleka watu arubaini sokoni Mutrah saa saba u nusu mchana. Mimi mkaazi wa Maskati, nnaenda soko lile kila wiki, nikasahau kuwa mchana maduka yanafungwa mpaka alasiri. Tukawatembeza watu arubaini kwenye vichochoro vya milango iliyofungwa, paka tu wamelala. Ami Suleiman akaenda kumgongea muuza ubani mmoja aliyemjua, akamtoa usingizini, akafungua. Wale arubaini wote wakanunua ubani. Yule bwana baadae kila akiniona ananiuliza lini nitasahau tena.

Mara nyingine niliwakaribisha wageni kwenye nyumba moja kunywa kahawa na tende, nikasahau kuwaeleza kuwa asiyetaka tena kahawa hukitikisa kifinjani anapokirudisha. Wafaransa ni watu wa adabu. Kila wakimiminiwa wanakunywa, na mwenye nyumba kila akikiona kifinjani kimetulia anamimina. Mwalimu mmoja mstaafu alifika vifinjani kumi na moja. Akaniita kwa sauti ya chini akaniuliza kama dini yetu inaruhusu kukataa.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia meli zikawa ndefu kuliko gati, na kampuni ikamleta msichana wa Kenya, Njeri, mtu wa Nakuru, aje atutilie matembezi kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimezoea faksi na stika za rangi za kubandika kifuani. Nilimnunia mwezi mzima. Siku moja akaichukua karatasi yangu, akaisoma, akaniwekea mezani.

"Anti Zuwena, usikasirike. Hapa umeandika maneno mengi poa sana, lakini hawa watu hawasomi. Wako likizo. Si tuweke tu picha ya mahali, na chini tuandike kuna ngazi ama hakuna, kuna choo ama hakuna?"

"Na historia?"

"Historia utawaambia kwa basi. Hapo hawawezi kukutoroka."

Nikacheka, na tangu siku ile tukawa marafiki. Njeri alinifundisha barua pepe, mimi nikamfundisha kutazama viatu. Jumapili za kwao, ambazo huku ni siku za kazi, nilikuwa namshikia meza ajioneshe kanisani kidogo, naye Ramadhani ananishikia saa za futari. Mkifanya kazi na mtu namna hiyo, mshukuruni Mungu, si jambo la kila ofisi.

Sasa nataka kukuelezeni la Yiti. Nimelizungukia makusudi, kwa kuwa si jepesi.

Ilikuwa miaka ya tisini inaishia, kabla ya Njeri. Mimi nimeshajiona fundi. Yiti wakati ule ilikuwa kijiji cha wavuvi, pwani yake pana na maji yake ya kina kifupi, na njia ya kwendea ilikuwa ya changarawe, inapita ndani ya wadi. Nilikuwa nnaipenda Yiti, tukienda na watoto siku za Alkhamisi. Nikamshawishi meneja tuiweke kwenye matembezi: magari manne ya kupanda milima, wageni wachache, samaki wa kuchoma, miguu ndani ya maji. Meneja akakubali. Ami Suleiman hakuipenda.

"Njia ile wadi inaikata," aliniambia. "Mvua ikinyesha majabalini, huku kwetu jua, kule maji yanakuja."

"Mvua yenyewe tunaipata mara ngapi, Ami?"

"Inatosha mara moja."

Tulikwenda mara tano, sita, bila taabu, nikamtania kwa hilo.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari. Meli ya Kifaransa imeingia alfajiri, inaondoka saa kumi na moja jioni. Mezani kwangu akaja mzee mmoja, jina lake Marcel, mwoka mikate mstaafu kutoka mji mdogo wa kaskazini. Mikono mikubwa, sauti ndogo. Mkewe Denise alikuwa chumbani melini, mguu umevimba, daktari wa meli kamkataza kushuka. Bwana Marcel hakuja kununua matembezi. Alikuja kuuliza kama karibu na gati kuna duka atakalopata kanga ya kumpelekea mkewe, kisha arudi.

Mimi nilibakiwa na nafasi moja ya Yiti. Nikamwambia, "Mama apumzike, na wewe upumzike. Nenda ukatie miguu baharini, ukirudi utakuwa na la kumsimulia." Akasita. Nikamshawishi tena. Akachukua tiketi.

Tulipokuwa tunapanda magarini Ami Suleiman alinishika kando. Nyuma ya majabali kulikuwa na wingu jeusi, limekaa kama limefungwa pale.

"Leo tubadilishe," akasema. "Tuwapeleke Qantab. Bahari ni ile ile na njia ni ya lami."

"Tiketi zimeandikwa Yiti. Watu wamechagua Yiti."

"Waliochagua hawaijui Yiti. Wewe unaijua."

"Ami, meneja ataniuliza. Twende."

Akanitazama, akapanda gari yake. Mimi nikakaa mbele, pembeni yake, na Bwana Marcel na wenziwe wawili nyuma.

Asubuhi ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Wageni walikula samaki, Bwana Marcel alikunja suruali akatembea majini kama mtoto, kofia imemkaa upande. Saa saba mchana tukaanza kurudi. Tulipofika pale wadi inapoikata njia, njia haikuwepo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita kwa kasi, yamebeba vijiti na majani, na sauti yake mnaisikia kifuani kabla ya masikioni. Kwetu jua linawaka.

Ami Suleiman akasimamisha gari, na magari mengine nyuma yake yakasimama. Tukangoja. Nusu saa, maji yanazidi. Mimi natazama saa. Simu ya mkononi kule haikushika. Nnamuona Bwana Marcel kwenye kioo, anaitazama saa yake na yeye, na nnajua anachofikiria: mkewe peke yake chumbani, meli inaondoka, na mimi ndiye niliyempandisha gari hii.

"Ami, yale magurudumu makubwa," nikasema. "Tukienda polepole tutavuka."

"Hatuvuki."

"Meli itawaacha. Unajua hiyo ni fedheha gani?"

"Fedheha n'taibeba mimi. Maiti sizibebi."

Hapo nikamwambia neno ambalo mpaka leo linaniwasha. Nilimwambia, mbele ya madereva wenziwe waliokuwa wamesimama dirishani, "Umezeeka wewe, umekuwa mwoga. Kama huwezi, mpe mwengine usukani."

Dereva mmoja akatazama chini. Nilikuwa nataka kuongeza, maneno nnayo mdomoni, mara Bwana Marcel akaniinamia kutoka nyuma akaniuliza taratibu, "Bibi, dereva anasemaje?"

Mkalimani ni kama mtu aliyefundishwa kuitika salamu: akiulizwa anageuka. Nikageuka, nikamfasiria. Anasema hatovuka. Anasema fedheha ataibeba yeye, lakini maiti hazibebi. Na nilipokuwa nayasema maneno yale kwa Kifaransa, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa watu watatu wazima waliokuwa wananitazama, ndipo nikayasikia. Bwana Marcel akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi tukae na dereva."

Haikupita dakika tano, upande wa pili ikatokea pikapu imejaa majani ya mifugo. Mwenyewe hakusimama. Aliingia majini, akafika katikati, gari ikageuka ubavu kama mtu anayejigeuza kitandani, ikaanza kwenda na maji. Wageni wakapiga kelele. Yule bwana alitoka dirishani, maji yakamvurumisha, akadaka mti wa mghafu upande wetu. Ami Suleiman alikuwa ameshashuka. Akafunga kamba kwenye chuma cha mbele ya gari, akajifunga kiunoni, na madereva watatu wakamshikilia akaingia mpaka kifuani, mzee yule niliyemwita mwoga, akamrudisha mtu hai. Pikapu hatukuiona tena.

Alipotoka alimpakia yule bwana garini. Mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akasema, "Geuzeni magari. Turudi kijijini."

Huko Yiti Ami Suleiman alikuwa anamjua mtu mmoja mwenye mashua za fiberi za mashine. Walizungumza maneno machache tu. Wageni kumi na nne na mimi tukapakiwa kwenye mashua tatu, kila mtu na jaketi lake la kuelea, yamekusanywa nyumba kwa nyumba. Bahari ilikuwa shwari kama haijasikia khabari ya mvua. Ami Suleiman akabaki na magari. Tukapita chini ya majabali mpaka Qantab, na pale dukani nikapiga simu ofisini: leteni basi Qantab, upesi. Wageni walikuwa wamelowa, na nilidhani watanitukana. Bibi mmoja aliniuliza kwa nini mashua hizi hatukuziandika kwenye karatasi, yeye angelichagua hizi.

Tukafika gatini saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Ngazi ya meli ilikuwa bado chini. Bi Denise alikuwa amesimama juu kwenye reli na mguu wake ule, ameshikwa na mhudumu. Alikuwa analia, lakini alipomuona mumewe karibu akaanza kumkaripia: kofia yake iko wapi. Ilichukuliwa na upepo karibu na Qantab. Bwana Marcel akasimama na viatu mkononi akasikiliza makaripio yote mpaka mwisho, kisha akamkumbatia.

Yangeliishia hapo ningelikuwa nakusimulieni jambo la kujisifu. Hayakuishia hapo.

Meneja aliniuliza nini kimetokea. Nikasema, mvua. Akauliza nani aliyeamua magari yaende na wingu lile. Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko nilikosema nako uongo. Yeye akajijibu mwenyewe: njia ni kazi ya dereva mkuu. Kesho yake maji yalipopungua Ami Suleiman akarudi na magari, akaitwa, akaulizwa. Akasema, "Njia ni juu yangu." Hakunitaja. Wakamuondoa kwenye kazi za meli, wakampa gari ya kubeba mizigo ya uwanja wa ndege.

Siku tisa nilikwenda kazini nikarudi. Meli moja ikaja ikaondoka, dereva mkuu mwengine, na mimi mezani natabasamu. Nyumbani chakula kikawa hakishuki. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamhadithia yote. Hakunilaumu. Alisema tu, "Na yeye Suleiman, wewe unamwamkia vipi ukimuona?" Nilikuwa simwamkii. Nilikuwa napita mlango wa nyuma nisimuone.

Siku ya kumi nikaandika barua, kwa Kiarabu, ya ukurasa mmoja. Nikaeleza kuwa Yiti nilichagua mimi, kwamba dereva alinionya mara mbili, mara ya pili asubuhi ile ile, na kwamba bila yeye kukataa kuvuka kampuni ingelikuwa inasafirisha majeneza. Meneja akaisoma mbele yangu.

"Unajua unajiandikia nini?" akaniuliza.

"Nnajua."

Aliniondoa mezani miezi miwili, nikawa nakata stika chumba cha nyuma. Ami Suleiman akarudishwa kwenye meli. Yiti ikafutwa mpaka ilipojengwa barabara ya maana. Nilipokwenda kumuomba radhi alikuwa anafuta vioo vya basi. Nikasema maneno yote niliyoyapanga. Akanisikiliza, akanipa kitambaa, akasema, "Shika ule upande wa kule." Tukafuta vioo.

Tumefanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Kila nikiwa na shaka namuuliza yeye kwanza. Watu wakinisifu kwamba Zuwena hajawahi kumpoteza mgeni, mimi nnajua ni nani hajawahi kumpoteza.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, mtaa wa Hail, hapa hapa Maskati. Nilikuwa namwendea siku za Ijumaa na mkate wa mofa, magoti yake yamekataa lakini ubishi uko pale pale. Ijumaa moja, tunazungumza mambo ya zamani, nikamwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia: kwamba namshukuru Mungu kwa moyo wake, kwamba siku ile mimi nilikuwa naye pembeni, namtukana, naye alikuwa jabali.

"Jabali wapi," akasema. "Uliponiambia mwoga, damu ilinipanda. Mbele ya madereva wangu. Nlishatia gia, Zuwena. Mguu nlishaunyanyua kwenye breki. Ungelisema neno moja tena, ningeliingia."

Nikamsogezea mkate na kisu.

"Mara yule mzee akakuuliza, ukageuka kumjibu," akaendelea. "Mkazungumza lugha yenu ile ndefu. Mlipomaliza, nlikuwa nimeshatoa gia."

Akaukata mkate, akanisogezea kipande kikubwa, akaniuliza kama nimeleta na samli.